Mbwa wa bure, gharama ya mwaka mzima

MBWA wengi wanaolinda nyumba za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine nchini waliingia katika nyumba hizo bila malipo au kwa bei ndogo. Mmoja alitoka kwa jirani ambaye jike lake lilizaa watoto sita, mwingine alinunuliwa kando ya barabara akiwa ndani ya boksi, na mwingine aliachwa na mpangaji aliyehama. Kwa upande wa paka mambo ni mepesi zaidi. Wengi huingia wenyewe uani, wakatupiwa vichwa vya samaki, wakabaki.

Kwa sababu hiyo familia nyingi huamini kwamba mnyama wa nyumbani hana gharama ya kuhesabiwa. Hata hivyo, bei ya kumpata mnyama huyo ndiyo ndogo kuliko zote. Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 13 na paka huweza kufikisha miaka 15 au zaidi. Kila mwaka wa maisha hayo una matumizi yake, yawe yameandikwa kwenye daftari au la.

Familia isiyo na bajeti ya mnyama wake hulazimika kupunguza matumizi bila mpango pale fedha zinapokwisha. Jambo la kwanza kukatwa huwa ni chanjo, kwa kuwa mbwa asiyechanjwa haonekani kuwa na kasoro yoyote. Anakula, anabweka na anatikisa mkia kama kawaida. Chakula hakikatwi, kwani mbwa mwenye njaa hulia usiku kucha. Matokeo yake ni kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ni miongoni mwa matumizi madogo kuliko yote, ndiyo inayosahaulika mwaka hadi mwaka, na deni lake huja kulipwa na mtoto wa jirani anayepita njiani kwenda shuleni.

Kwa nini hesabu iwe ya mwaka

Matumizi ya mbwa au paka hayaji kwa mpangilio mmoja. Yapo ya kila siku, ambayo ni chakula na maji. Yapo ya kila mwezi, kama vile dawa ya kupe na viroboto. Yapo ya kila baada ya miezi mitatu, yaani dawa ya minyoo. Yapo yanayokuja mara moja kwa mwaka, ambayo ni chanjo na uchunguzi wa daktari wa mifugo. Mwisho ni yale yasiyo na tarehe, kama vile mbwa kugongwa na bodaboda, kula sumu ya panya au kuumwa na nyoka.

Anayepanga kwa mwezi mmoja mmoja huona chakula tu. Mwezi wa chanjo unapofika, gharama hiyo humwangukia kama jambo la ghafla, wakati tarehe yake ilikuwa imeandikwa katika kadi ya mnyama tangu mwaka uliotangulia. Njia iliyo rahisi ni kuorodhesha matumizi yote ya miezi 12, kuyajumlisha, kisha kuyagawa kwa 12. Kiasi kinachopatikana ndicho kinachopaswa kutengwa kila mwezi, na sehemu isiyotumika mwezi huo iwekwe akiba, iwe benki, katika simu au kwenye kibubu.

Mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza huwa na gharama kubwa kuliko miaka inayofuata, hata pale mbwa alipopatikana bure. Mtoto wa mbwa huanza kupewa chanjo ya mchanganyiko akiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Chanjo hiyo humkinga na maradhi kama parvo, ambayo husababisha kuharisha damu na huua watoto wa mbwa kwa siku chache, pamoja na distempa, ambayo hushambulia mapafu, tumbo na mfumo wa fahamu.

Aina nyingi za chanjo hiyo humkinga mbwa pia na leptospirosi, ugonjwa ambao Watanzania waliufahamu zaidi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda, baada ya kutokea mkoani Lindi. Bakteria wake husambaa kupitia mkojo wa wanyama, hasa panya, na mbwa anaweza kuuleta hadi katika ua wa nyumba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mnyama anapotimiza miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na baada ya hapo hufuata ratiba ya daktari. Zipo chanjo zilizothibitishwa kukinga kwa miaka mitatu, lakini kwa kuwa aina zinazopatikana hutofautiana, mfugaji anapaswa kusoma tarehe iliyoandikwa kwenye kadi badala ya kukisia.

Minyoo nayo haisubiri. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wakiwa na minyoo waliyoambukizwa tumboni mwa mama. Ndiyo maana dawa huanza kutolewa wakiwa na wiki mbili tu, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wanapoachishwa kunyonya, kisha huendelea kila mwezi hadi umri wa miezi sita. Baada ya hapo, kila miezi mitatu hutosha kwa mbwa wengi.

Mwaka huo wa kwanza pia ndio wa banda, mkanda wa shingoni, mnyororo, bakuli mbili, na upasuaji wa kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike kwa familia isiyotaka watoto. Hayo ni matumizi ya mara moja, na hayapaswi kuchanganywa na hesabu ya miaka inayofuata.

Chakula hubeba mzigo mkubwa

Katika hesabu ya mwaka, chakula huchukua zaidi ya nusu ya fedha zote. Mbwa mkubwa wa kulinda nyumba, mwenye uzito wa kilo 25 hivi, huhitaji kati ya gramu 300 na 400 za chakula kikavu cha dukani kwa siku, kutegemea ubora wa chakula na kiasi anachotembea. Kwa gramu 350 kwa siku, mbwa huyo mmoja hula karibu kilo 128 kwa mwaka. Wenye mbwa watatu wa namna hiyo, ambao ni wengi katika nyumba zenye geti, wanapaswa kujiandaa kwa chakula cha uzito wa karibu kilo 400.

Familia nyingi hupika nyumbani. Ugali au wali wenye dagaa, utumbo, mapafu au makongoro kutoka buchani ni chakula kinachoweza kumtunza mbwa vizuri endapo protini haitapunguzwa mno. Mbwa wa kilo 25 anaweza kutumia robo kilo ya unga na gramu 100 za dagaa wakavu kwa siku. Dagaa huliwa wazima na miba yao, hivyo humpa mbwa madini ya kalsiamu ambayo ugali hauna. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kumlisha mbwa ugali mtupu uliopakwa mchuzi. Mbwa wa namna hiyo hushiba, lakini manyoya hunyonyoka, misuli hulegea na maradhi humpata kwa urahisi. Fedha iliyookolewa kwenye dagaa huishia kwa daktari.

Aidha, unga au mahindi yaliyoota ukungu si chakula cha mbwa, ingawa mara nyingi huwekwa kando kwa ajili yake. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hiyo katika mahindi iliua watu 125. Mbwa huathirika nayo pia, tena kwa kiasi kidogo. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha kali na huweza kutoboa utumbo, wakati vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa na paka.

Jambo linalosahaulika katika chakula cha kupika ni nishati. Sufuria ya mbwa huchemka kila siku au kila baada ya siku mbili, na mkaa au gesi inayotumika ni sehemu ya gharama yake. Kupika chakula cha siku mbili kwa pamoja na kukihifadhi mahali pa baridi hupunguza matumizi hayo.

Kupe, viroboto na minyoo

Katika ukanda wa joto kama Pwani, kupe hawana msimu wa kupumzika. Kupe wa kahawia anayeishi kwa mbwa huzaliana hata ndani ya nyumba, katika nyufa za ukuta na za banda, na hueneza maradhi yanayoshambulia damu. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, hukataa chakula, fizi zake hupauka na wakati mwingine hutokwa damu puani. Matibabu yake huhitaji dawa za wiki kadhaa na vipimo vya maabara, na huweza kugharimu zaidi ya dawa ya kupe ya mwaka mzima.

Kuhusu dawa yenyewe, baadhi ya wafugaji hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuichanganya kwa kukadiria. Njia hiyo huonekana nafuu, lakini dawa ikizidi humdhuru mbwa, na kwa paka madhara huwa makubwa zaidi. Dawa yoyote ya mbwa yenye permethrini haipaswi kabisa kuwekwa kwa paka, kwani huweza kumuua. Vilevile, paka hapewi vidonge vya panado hata kimoja, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuiondoa sumu ya dawa hiyo.

Minyoo ya mbwa ni suala la afya ya watoto wa nyumbani kama ilivyo ya mbwa mwenyewe. Mayai ya minyoo hiyo hukaa mchangani kwa muda mrefu, na mtoto anayecheza uani huweza kuyameza. Dawa ya minyoo ya mara nne kwa mwaka, pamoja na kuzoa kinyesi kila siku, ni kinga kwa watu wote wa nyumba.

Chanjo ambayo jirani huilipia

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa usio na tiba mara dalili zinapojitokeza kwa binadamu. Karibu kila anayefikia hatua hiyo hufariki dunia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia, na kwamba takriban watu wanne katika kila 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa.

Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vinavyokaribia 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi kwa mbali ile iliyokuwa ikiandikwa katika kumbukumbu rasmi, kwa kuwa wagonjwa wengi hufia nyumbani bila kufika hospitali.

Anayeng'atwa anaweza kuokolewa endapo atachukua hatua haraka. Jeraha linapaswa kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili aanze sindano, ambazo hutolewa kwa awamu kadhaa katika muda wa wiki moja hadi nne kutegemea utaratibu unaotumika. WHO inakadiria kuwa wastani wa gharama ya huduma hiyo, pamoja na nauli na kipato kinachopotea, ni dola 108 za Marekani kwa mtu mmoja. Kwa familia inayoishi kwa kipato cha siku hadi siku, huo ni mtihani mkubwa, na wapo wanaoacha sindano katikati kwa kukosa fedha.

Ukiweka dola hizo 108 kando ya bei ya sindano moja ya mbwa kwa mwaka, ndipo uzito wa suala hili unapoonekana. Mwenye mbwa aliyeruka chanjo anakuwa ameokoa kiasi kidogo mfukoni mwake na kuhamishia mzigo mkubwa kwa mtu asiyemjua.

Wataalamu wanakubaliana kwamba ugonjwa huu hukatika pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa. Kisiwa cha Pemba ni ushahidi wa karibu. Baada ya kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo mwaka 2014. Chanjo ilipolegea, ugonjwa uliingia tena mwaka 2016 kwa mbwa waliosafirishwa kutoka nje, na ukatokomezwa kwa mara ya pili mwaka 2018 baada ya chanjo kurejeshwa. Funzo la Pemba kwa mfugaji wa mjini ni kwamba chanjo ya mwaka mmoja haimalizi kazi.

Katika maeneo mbalimbali nchini, chanjo hii hutolewa bure au kwa mchango mdogo nyakati za kampeni, hususan kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo huadhimishwa Septemba 28 kila mwaka. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa tarehe na mahali. Watoto wa mbwa nao wapelekwe katika kampeni hizo, kwa kuwa wengi huachwa nyumbani kwa kudhaniwa kuwa bado ni wadogo. Nje ya kampeni, mfugaji anapaswa kwenda kwa mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kuhakikisha kwamba chanjo imetunzwa kwenye jokofu, katika nyuzi joto kati ya 2 na 8, na kuondoka na kadi yenye tarehe, jina la chanjo na saini.

Gharama ya uzazi

Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na kwa kawaida huweza kupandwa mara mbili kwa mwaka. Uzazi mmoja wa watoto sita unamaanisha midomo sita inayohitaji chakula, dawa ya minyoo na chanjo kabla hata ya kupata wa kuwachukua. Anayetarajia kuuza watoto hao aingize gharama hizo kwanza ndipo ahesabu faida.

Paka huzaa kwa kasi zaidi. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita, na mimba yake hukaa miezi miwili tu. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, paka husimama kuzaa siku zinapokuwa fupi. Karibu na Ikweta, mwanga wa mchana haupungui sana wakati wowote, hivyo paka wa Afrika Mashariki huweza kuzaa mwaka mzima. Watoto wanaokosa wenyewe hutupwa sokoni, dampo au kwenye mahoteli, na huko hukua bila chanjo.

Upasuaji wa kufunga kizazi hulipiwa mara moja na huokoa gharama ya miaka yote inayofuata. Pia humkinga jike na usaha wa mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowapata majike wengi wasiozaa na ambao tiba yake ni upasuaji wa dharura. Dume aliyehasiwa hupunguza kutorokea nje kutafuta majike, na hivyo hupunguza hatari ya kugongwa na magari na kupigana. Hofu kwamba mbwa aliyehasiwa hawezi kulinda nyumba haina msingi, kwani hubweka na kutetea eneo lake kama kawaida.

Mfano wa hesabu

Bei hutofautiana kati ya mji na mji, na kati ya duka na duka. Takwimu zifuatazo si bei rasmi. Ni mfano wa kuonesha namna ya kupiga hesabu, na kila mfugaji anapaswa kuweka bei za mahali pake.

Mbwa mmoja mkubwa wa kilo 25, aliyekwisha kuvuka mwaka wa kwanza, anayelishwa chakula cha kupika nyumbani:

Unga, kilo 91 kwa Sh1,500: Sh136,500
Dagaa, kilo 36.5 kwa Sh8,000: Sh292,000
Mkaa au gesi, Sh10,000 kwa mwezi: Sh120,000
Dawa ya minyoo, mara nne kwa Sh5,000: Sh20,000
Dawa ya kupe na viroboto, Sh8,000 kwa mwezi: Sh96,000
Chanjo ya mchanganyiko: Sh35,000
Chanjo ya kichaa cha mbwa: Sh15,000
Uchunguzi wa daktari, mara moja: Sh30,000
Vifaa na ukarabati wa banda: Sh40,000
Akiba ya dharura: Sh80,000
Jumla kwa mwaka: Sh864,500

Kiasi hicho kikigawanywa kwa miezi 12, ni takriban Sh72,000 kila mwezi. Kwa miaka 10 ya maisha ya mbwa huyo, ni zaidi ya Sh8.6 milioni hata kama bei hazitapanda. Mbwa aliyenunuliwa kwa Sh100,000 amekuwa na bei ndogo mno ikilinganishwa na matunzo yake.

Katika mfano huo, chakula na nishati ya kukipikia vimechukua zaidi ya Sh60 katika kila Sh100. Chanjo ya kichaa cha mbwa imechukua chini ya Sh2 katika kila Sh100. Mfugaji anayetafuta mahali pa kubana matumizi ataona kwamba kuiondoa chanjo hiyo hakumpunguzii mzigo hata kidogo.

Kwa paka mmoja wa kilo nne, hesabu ni ndogo zaidi. Kwa gramu 55 za chakula kikavu kwa siku, hula kilo 20 kwa mwaka, ambazo kwa Sh10,000 kila kilo ni Sh200,000. Dawa ya minyoo ikiwa Sh8,000, ya viroboto Sh48,000, chanjo mbili Sh50,000, uchunguzi wa daktari Sh30,000 na akiba ya dharura Sh34,000, jumla inakuwa Sh370,000 kwa mwaka, sawa na karibu Sh31,000 kwa mwezi.

Anayempikia paka nyumbani akumbuke kwamba paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake huhitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka au kuugua moyo. Mbwa anaweza kuishi kwa ugali wenye dagaa wa kutosha, lakini ugali hauwezi kuwa msingi wa chakula cha paka. Dhana kwamba paka atajilisha panya nayo ina kasoro: panya waliokula sumu humdhuru paka anayewala. Aidha, paka huambukizwa kichaa na huweza kukiambukiza kwa kuuma, hivyo naye anastahili chanjo.

Pa kupunguza na pasipopunguzwa

Zipo njia halali za kupunguza gharama. Kununua dagaa na unga kwa jumla msimu wa bei nafuu, na kuvihifadhi mahali pakavu, hupunguza bei ya chakula. Kukubaliana na mwenye bucha kuhusu mapafu na mabaki ya nyama husaidia pia. Majirani wa mtaa mmoja wanaweza kumwita daktari siku moja kwa mbwa wao wote ili wagawane gharama ya usafiri wake. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro huhudumia wanyama wa nyumbani, na wakazi wa maeneo ya jirani wanaweza kuulizia huduma zake.

Njia iliyo kubwa kuliko zote ni kupunguza idadi. Mbwa mmoja aliyelishwa na kuchanjwa hulinda nyumba vizuri kuliko watatu wenye njaa, ambao huruka ukuta usiku kwenda kutafuta chakula jalalani, wakapigana na mbwa koko na kurudi na majeraha yasiyojulikana chanzo chake.

Yasiyopaswa kuguswa ni chanjo, dawa ya minyoo na maji safi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mwenye mnyama kuwa ndiye mwenye wajibu wa kumtunza, na wajibu huo haufutwi kwa kumfungulia geti aende zake. Anayeona kwamba gharama zimemshinda anapaswa kumtafutia mnyama wake mtu mwingine wa kumchukua pamoja na kadi yake ya chanjo, au kuomba ushauri wa ofisa mifugo. Mbwa anayeachwa mtaani haishi gharama zake. Hubadilisha tu mlipaji.

Kwa anayefikiria kuchukua mbwa au paka, jaribio moja rahisi linatosha. Kabla ya kumleta mnyama nyumbani, atenge kwa miezi mitatu mfululizo kiasi kile kilichopatikana katika hesabu yake ya mwezi. Akiweza bila kuathiri ada za shule, kodi ya nyumba na chakula cha familia, atakuwa ameonesha kwamba mnyama huyo anaweza kutunzwa, na fedha zilizokusanywa zitalipia chanjo za mwanzo na banda. Akishindwa katika miezi hiyo mitatu, ni heri kufahamu mapema, wakati bado hakuna mnyama anayemtegemea wala jirani aliyeng'atwa.